Shawarma Niliyoila Nikiutazama Ukuta

Hapa Bariadi kimefunguliwa kibanda cha shawarma karibu na stendi, na majirani wanaojua niliwahi kwenda Dar es Salaam wananiuliza, "Mama Kabula, ile ya kule ikoje? Nzuri inauzwa wapi?" Nawajibu sikumbuki. Nakumbuka mpaka rangi ya vigae. Leo naandika ili mama mwenye binti aliyechumbiwa na watu wa mbali asije akafanya nilichofanya mimi.

Binti yangu Kabula ni nesi huko Dar. Mchumba wake Tajudin ni fundi wa majokofu, anatengeneza ya mahoteli. Kabla posa haijaletwa, mama yake Tajudin, Bimdogo, alitaka tuonane. Kabula akanipigia simu.

"Mayu, tutakula hotelini wote wanne. Na Tajudin atakuwepo. Utaweza?"

Alijua anachouliza. Mimi ni mzaliwa wa Lalago, na nilivyolelewa, mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe wake wa kiume. Mama yangu alikuwa akisikia sauti ya mume wangu uani, anaacha ugali na kuingia ndani. Lakini nikaona nikisema hivyo wataniita mshamba.

"Nitaweza," nikasema. "Kwani mimi wa porini?"

Nilifika Dar usiku, nimechoka, nikalala bila kula. Asubuhi nikanywa chai kavu. Mchana tukaenda Upanga, kwenye hoteli ya chakula cha Kilebanoni. Mlangoni nyama imepangwa kwenye chuma kirefu, inazunguka mbele ya moto huku mafuta yakichuruzika. Tumbo langu likalia hadi nikakohoa kulifunika.

"Shikamoo mama," Tajudin akasema. "Shawarma siku hizi zipo kila kona, ila nyingine ni kabichi na mayonezi tu. Hapa mkate wanaoka wenyewe. Na majokofu yao nayashughulikia mimi, najua nyama inaingia lini. Nilitafuta pa kukuleta wiki nzima."

Nikaitikia nikiangalia viatu vyake.

Vikaletwa vyakula, vyote katikati ya meza: dengu zilizosagwa na ufuta, majani yaliyokatwa madogo na nyanya na limao, achari nyekundu, mikate ya moto, shawarma zimefungwa kwenye karatasi. Kila mtu anamega kutoka sahani moja. Tajudin alikaa mbele yangu kabisa, magoti yetu karibu yagusane. Nikageuza kiti kidogo. Nikakigeuza tena.

"Mama Kabula, karibu," Bimdogo akasema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, vumbi la basi?" Akacheka. "Kula dada, hatukurogi! Ukinikondea hapa, wenzio watasema nimekunyima."

Kabula akaninong'oneza kwa Kisukuma nijaribu hata tonge moja. Mkono haukunyanyuka. Watu wote watatu wananitazama. Pale ningesema tu, kwetu ni hivi. Badala yake nikasema:

"Nyama ya huku siijui. Kwetu tunamwona ng'ombe akichinjwa. Hii sijui imechinjwa na nani."

Tajudin akaurudisha mkate wake sahanini.

"Kwenu Bariadi," Bimdogo akauliza polepole, "nyama anachinja nani?"

Anachinja mzee Jumbe, Mwislamu kama wao, na nimekula nyama yake miaka thelathini. Badala ya kumwambia hivyo, nikasema naenda kunawa.

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na shawarma moja. Kabula alikuwa ameitia kimyakimya ili nile tukirudi kwake. Nilipofika kwenye masinki, harufu ya kitunguu saumu ikanishinda. Nikaelekea ukuta, nikafungua karatasi, nikala. Nilikula vibaya, kama mtu aliyeiba. Ilikuwa tamu jamani, nyama laini, limao kwa mbali. Rojo likanitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mama?"

Nikageuka mdomo umejaa. Ni Tajudin. Alikuwa ameleta maji ya chupa, akidhani naumwa. Akaniona, akaiona karatasi. Akaiweka chupa juu ya sinki, akatazama pembeni kama kijana wa kwetu anavyofanya mbele ya mkwewe, akaondoka.

Niliporudi, Bimdogo alikuwa amesimama, mkoba begani. "Tajudin, twende. Habari za posa tutazungumza siku nyingine." Tajudin alikuwa hajasema alichokiona. Kabula alikuwa akifuta meza ambayo si yake, machozi yanadondoka.

Nikawapa mgongo, nikazungumza na dirisha.

"Nimedanganya. Nyama nimeila kule kwenye masinki, mwanao ameniona. Kwetu hatuli mbele ya mkwe, ni heshima. Niliona aibu kusema."

Nyuma yangu nikasikia kiti kikivutwa.

"Yaani ungeniambia," Bimdogo akasema, "si ningemtuma Tajudin akakae meza ile, tukala wanawake? Ukaona aibu ya ushamba, bora ututukanie chakula chetu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Barua itakuja, kwa sababu mwanao hana kosa. Ila nyumbani kwangu, usije mpaka nikuite."

Barua ilifika Lalago kwa kaka yangu Luhende, na ndoa ikafungwa. Wanaishi nyumba moja na Bimdogo. Kabula alipojifungua wa kwanza, nilifunga michembe, viazi vyetu vya kukausha, na samli, nikakata na tiketi ya basi. Akanipigia. "Mayu, subiri kidogo. Bado hajasema uje." Binti yangu akaoshwa na kukandwa na Bimdogo, kazi ambayo ilikuwa yangu. Simlaumu.

Mtoto sasa ana meno manne. Nimeyaona kwenye simu.