Lakiri Haijakatwa

Nimefagia kiwanda cha sabuni miaka kumi na tisa, na sijawahi kupenda kitambaa kama vile vyeupe vya pipa la njano. Ukikitupa kwenye maji kinakunywa mpaka kinanenepa kama bwana harusi. Viliwekwa kwa ajili ya siku kemikali ikimwagika, pamoja na glavu ndefu, miwani, na mito myembamba mirefu kama nyoka ya kuzungushia umajimaji usitambae.

Pipa lilifungwa kwa lakiri ya plastiki nyekundu. Kila Ijumaa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho na mtunza stoo wetu, alipita na kalamu sikioni. Akiona lakiri haijakatwa, anaandika "kamili" kwenye kadi, anaondoka. Ndivyo walivyofundishana watunza stoo wote. Mimi shule yangu ya msingi ilinitosha kuona kwamba mfuniko una bawaba nyuma, bawaba ina pini, na pini inatoka ukiisukuma kwa mpini wa kijiko.

Nilianza na kitambaa kimoja, kwa ajili ya choo cha ofisini kilichokuwa kinavuja. Kisha viwili. Paa la kwangu nalo likaanza kuvuja, na ile mito, niseme nini, inaziba chini ya mlango vizuri mno. Glavu ya kulia nikaichukua ya kusugulia masufuria. Kila nikirudisha pini nilicheka peke yangu.

Jumanne, saa nne asubuhi, koki ya tangi la kostiki iling'oka. Kostiki ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na ngozi ya mtu haiibagui. Mkwe wangu alikimbilia pipa la njano, akakata lakiri, akafunua. Ndani mlikuwa na miwani, glavu moja ya mkono wa kushoto, na vumbi. Umajimaji ukatambaa hadi kwenye meza za kufungia sabuni, ukamkuta mfungaji mmoja tunayemwita Kidosho, amevaa ndala. Mkwe wangu akamkokota hadi bombani, wakammwagia maji mpaka gari likaja. Mguu wake sitausimulia.

Saa nane meneja akamwita mkwe wangu ofisini. Nilikuwa napiga deki kwenye korido, mlango uko wazi.

"Mwaka mzima unaandika kamili, kamili, kamili," meneja alisema. "Vitu viko wapi?"

"Lakiri ilikuwa nzima, bosi."

"Kwa hiyo vimepaa? Lakiri mpya unazitunza wewe. Umeviuza, ukafunga tena. Lete funguo za stoo. Mengine utawaeleza polisi."

Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Nilisimama na fagio la deki, nikatamani kuwa kiziwi. Uziwi ninao siku zote kwa wanaonituma chai, lakini siku hiyo ulikataa kuja.

Nikaingia. "Baba meneja, mwizi ni mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuku wake anaendesha gari. "Bibi, huruma ya mkwe isikuponze. Toka nje."

"Funga lakiri yako mwenyewe, nikuonyeshe."

Tukaenda wote watatu kwenye pipa, akaifunga kweli, akaivuta mara mbili. Nikachomoa kijiko mfukoni, nikasukuma pini, nikainua mfuniko kwa nyuma. Lakiri ikaning'inia pale mbele, nzima, nyekundu. Katika michezo yangu yote huo ndio uliokuwa bora, na hakuna aliyecheka.

Meneja akamgeukia mkwe wangu. "Mara ya mwisho umelifungua lini?"

"Sijawahi."

"Hata siku moja?"

"Lilikuwa na lakiri, bosi."

Meneja akaurudisha mfuniko. Kisha akasema mkwe wangu atapewa barua ya onyo, abaki. Mimi nisirudi, na polisi wakinihitaji wananijua ninapokaa. Mkwe wangu akaambiwa anisindikize hadi nje.

Uani alitangulia hatua tatu.

"Angalau kazi umebaki nayo, mwanangu," nikasema.

"Mama, Kidosho alikuwa ananiuliza kwa nini namshika kwa mkono mmoja tu." Hakugeuka. "Nilikuwa na glavu moja."

Getini mlinzi, ambaye siku zote hunipungia tu mkono, aliomba kuona ndani ya mkoba wangu. Mkwe wangu akasimama pembeni, akamwacha aukague mpaka chini.