Marahaba Kutoka Jikoni

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Bwana Silvano, meneja wa kiwanda kidogo cha jibini huko Kwai, alisimama mlangoni pa ofisi yake kupokea shikamoo. Zilibaki siku tano astaafu, na alitaka akumbukwe kama kiongozi aliyeheshimiwa. Alikuwa amebandika tangazo: watumishi wote watamwamkia meneja shikamoo, bila kujali umri. Ndiyo maana Mzee Rubeni, mlinzi aliyemzidi miaka kumi na mbili, alivua kofia, akameza aibu yake, akasema, "Shikamoo."

Neno lilimpita Bwana Silvano sikioni, likakata kona, likaingia jikoni.

"Marahaba, baba," alijibu Sesilia, kibarua wa jikoni, akiendelea kusugua keni za maziwa. "Na mimi nakuamkia, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee, akavaa kofia yake, ameridhika.

Bwana Silvano alifungua kinywa kuitikia, hakikutoka kitu. Shamsa wa masijala aliomba tu mlango urudishwe, maana salamu zilikuwa zinapita na baridi.

Jumanne meneja alifunga jikoni kwa kufuli, Sesilia akiwa ndani. Shikamoo zilijipanga kizingitini mpaka saa nne, kufuli lilipofunguliwa zikaingia kwa mkupuo, na Sesilia akaitikia mpaka chai ikapoa. Jumatano alimrudisha nyumbani bila malipo, kwa kuwa kibarua hana likizo. Salamu zikateremka kumfuata, zikikatiza mashamba ya kabichi, na waliokuwa wakipalilia wakazipisha.

Alhamisi akamwita.

"Shikamoo, bosi," alisema Sesilia. Salamu ikazunguka meza, ikamrudia mwenyewe. Akaona haya, asiitikie. "Nauliza ile barua yangu ya ajira. Miaka kumi na moja iko hapo chini ya kioo cha meza yako. Ukiondoka hujaweka sahihi, naanza upya."

"Bado naipitia. Wewe nisaidie kesho, halafu tutaona."

Ijumaa, kwenye hafla ya kumuaga, Sesilia alisimama nyuma ya kiti cha meneja, ndani ya pazia. Watumishi wakainuka wote. "Shikamoo, Meneja!" Pazia likatikisika. "Marahaba," ikasikika, nene na ya upole, naye Bwana Silvano akachezesha midomo kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Mgeni rasmi alifuta machozi, akasema heshima ya namna hiyo siku hizi haipo. Meneja akazawadiwa blanketi zito. Kalamu yake nzuri aliitumia jioni hiyo kuandika hati ya makabidhiano tu.

Jumatatu meneja mpya, Bi Zakia, aliisoma mstari kwa mstari. Kiti, kimoja. Pazia, moja. Sesilia, kibarua, husimama nyuma.

"Na barua yangu, mama?" Sesilia aliuliza.

"Nipe muda niipitie," alisema Bi Zakia kwa upole, akairudisha chini ya kioo. Kisha akamwomba alifue lile pazia, maana lilikuwa limeanza kunuka maziwa.