Foronya za Matundu ya Hewa

Shati lilikuwa na mikono miwili, hilo halina ubishi, ila yote miwili ilikuwa ya kushoto. Mteja alilirudisha kwa upole, akaliacha juu ya meza ya kukatia, akaenda zake. Upole huo ulimchoma Mzee Pindo kuliko matusi. Miaka arobaini na miwili ya ushonaji, jina lenyewe kapewa na wateja kwa sababu hawajawahi kuona pindo lake likifumuka, leo anabandika mkono wa kushoto kulia! Alimpigia simu mwanawe wa kiume. "Njoo unichukue," alisema. "Kichwa changu kimekwisha."

Hayo yote binti yake alisimuliwa Jumamosi asubuhi, alipofika kusaidia kubeba cherehani. Yeye ni fundi wa gesi, mwanamke wa kujiamini, mwenye mabega na mdomo wa kazi hiyo. Alilitazama lile shati, akataka kucheka, akalikunja akaliweka kando. Baba yake alikuwa amekaa pembeni na mikono magotini, kama mgeni katika chumba chake mwenyewe.

"Baba, kosa moja tu," alisema. "Hata mimi nakosea."

"Si moja, mama. Juzi nimesinzia na mguu uko kwenye kanyagio. Kichwa kinanigonga kila nikiamka. Acha tu, mpeni mtu mwingine hii mashine."

Akaipapasa cherehani mgongoni. Binti aligeuka upesi, akajifanya anatafuta kamba, maana machozi yalikuwa karibu na hakutaka yaonekane.

Kaka mtu, kwa upande wake, alikuwa na haraka zake. Miezi mitatu mizima alikuwa anaimba wimbo uleule kwamba mzee asikae peke yake, na sasa ameshinda, basi maboksi yanajazwa vitambaa bila huruma. Si mtu mbaya, jamani. Anampenda baba yake kama mnavyowapenda wenu, ila mapenzi yake yana makelele.

"Wewe dada, usiniangalie hivyo," alisema huku akifunga boksi. "Juma lililopita alikaa kwangu siku nne. Ulimwona? Kachangamka, anataniana na wajukuu, kichwa hakikumuuma hata mara moja. Kurudi hapa tu, kesho yake kichwa kilekile. Nyumba hii imemchosha."

Binti akaiachia kamba.

Maneno hayo aliyajua. Ameyasikia kwa wateja wake zaidi ya mara moja: nikitoka napona, nikirudi naumwa. Na kila mara yalimpeleka mbio kwenye kitu kimoja.

"Kaka, mtoe Baba nje. Sasa hivi."

"Nini tena?"

"Mtoe nje, nimesema! Maswali baadaye!"

Nyuma ya chumba cha kushonea palikuwa na chumba kidogo cha kufulia, na humo ndimo ilimokuwa hita ya gesi ya kuchemshia maji. Binti ndiye aliyeifunga hita hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo hakuwahi kuishuku. Tangu alipoisafisha mara ya mwisho, kila alipokuja kumsalimu baba yake alipita mbele, akanywa chai, akaondoka. Fundi gani mwenye akili anakagua kazi yake mwenyewe? Ndivyo tulivyo mafundi, tunajiamini mpaka inatia aibu.

Alitoa kipimo cha gesi ya sumu kwenye begi, akafungua mlango. Kipimo kilipiga kelele kabla hajainua mguu. Moto wa hita, ambao ulipaswa kuwa wa buluu, ulikuwa wa njano na unayumba. Akafunga koki, akasukuma dirisha, akatoka nje huku amebana pumzi.

Kipimo kilipotulia alirudi kutafuta matundu. Yeye mwenyewe aliyatoboa mawili ukutani, moja karibu na sakafu na lingine chini ya dari, maana moto wa gesi unakula hewa, na ukikosa hewa safi unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Lakini ukuta ulikuwa mweupe mtupu. Matundu hayapo! Akapitisha kiganja, akagusa kitambaa.

Lo! Kitambaa kizito cheupe, rangi ileile ya ukuta, kimetiwa sponji na bitana, na mpira umezungushwa pembeni ukabana fremu ya tundu sawasawa. Mshono umenyooka, hata unywele usingepenya. Kazi safi kabisa, na ilikuwa inamuua mwenyewe aliyeifanya.

Alivichomoa vitambaa vya matundu yote mawili, akatoka nje amevishika, anafoka. "Baba! Foronya hizi ni za nini?"

Mzee Pindo, aliyekuwa ameegemea gari, uso ukamkunjuka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umeziona? Za vumbi hizo."

"Vumbi gani?"

"Si wewe uliyekuja kusafisha hita ukakohoa mpaka nikakuonea huruma? Ukasema vumbi linaingia kwenye yale matundu, litakuzeesha. Nikasema, mwanangu anahangaika na nyumba za watu kutwa nzima, aje ahangaike na kwangu pia? Nikachukua futi nikapima. Nilitaka siku ukifungua ukute pasafi."

Hasira yote ikamwishia pale pale. Wateja wote wa mji huu aliwakalisha chini akawaeleza kazi ya matundu, wengine akawabandikia karatasi ukutani. Lakini baba yake yeye alimwambia tu, "Nimemaliza, Baba, usijali."

"Panda gari," alisema. "Tunakwenda hospitali."

Huko walimtoa damu, wakamvisha barakoa ya oksijeni. Baada ya saa mbili daktari alirudi na majibu: sumu ya moshi wa gesi, ya kidogo kidogo kwa muda mrefu. Abaki mpaka kesho waendelee kumwangalia, lakini haoni dalili za ugonjwa mwingine.

"Kwa hiyo si uzee?" mzee aliuliza.

"Uzee upo," daktari alicheka, "ila huu haukuwa wenyewe."

Kaka mtu aliketi ukingoni mwa kitanda. Binti akashika mkono wa baba yake. "Nisamehe, Baba. Mimi ndiye sikukwambia. Na kesho kutwa maboksi yote nitayarudisha mwenyewe, cherehani nitaibeba hata kwa meno. Ulikuwa hutaki kuhama, sivyo?"

Mzee Pindo aliivuta barakoa chini kidogo. "Sikutaka hata kidogo. Lakini nilikuwa nasahau vitu, mama. Leo mkasi, kesho jina la mteja. Nikaona muda si mrefu nitawasahau na ninyi. Nikasema bora nikae karibu nanyi wakati bado nawajua."

Kaka mtu alijifunika uso kwa viganja. Binti akainama na kuweka paji la uso wake juu ya mkono ule wenye alama za sindano. Mzee akaanza kuwataja taratibu, yeye, kaka yake, na wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao kamili, na hakukosea hata moja.