Jicho la Kushoto la Zoubir

...na damu ikazidi kumteremka kooni, ya moto, yenye ladha ya chuma, akaimeza kwa sababu ndoo ilikuwa mbali na Kapteni Benaouda alikuwa amemshika kidevu kama anayekagua kondoo wa Idi, vuta pumzi, Mokrane, vuta, imebaki raundi moja, unapigwa na mtu mwenye jicho moja, hulioni? la kushoto, limekufa lile, nimemwona akiikosa kamba ya ulingo alipotaka kuishika, mpe mkono wa kulia palepale mpaka lipasuke, umesikia? na Mokrane akaitikia, nimesikia, afande, mbavu zikimchoma, maana habari za jicho alizijua kabla ya kapteni, Zoubir mwenyewe alimnong'oneza kutoka kitanda cha chini, ndugu yangu, daktari anasema ngumi moja nzito hapa na nimekuwa kipofu, usimwambie mtu, wakijua watanifukuza jeshini... basi raundi mbili nzima amempiga tumboni, begani, popote ila pale, na malipo yake ni huu mdomo uliochanika, na nyuma makuruta wanagonga mabenchi kwa buti, we mkamua zeituni wa milimani, umekuja kulala? Zoubir, mfungie mizigo, mpakani wanamngoja! wanacheka, na ni kweli, bingwa anabaki Algiers kwenye timu, aliyeshindwa anarudi In Guezzam, mpakani jangwani, kwenye maji yenye ladha ya dizeli na mchanga ndani ya mkate, kule Mokrane alikompiga mtu mmoja wa magendo hadi uso ukalainika chini ya ngumi kama unga uliokandwa, sajenti akasema basi, basi, we mnyama, na mkono haukusikia, uliendelea wenyewe, na tangu siku ile anauogopa mkono wake, hataki kuuona tena juu ya uso wa mtu anayemjua... maji ya baridi kisogoni, mafuta ya mgando kwenye nyusi, na ng'ambo ya ulingo Zoubir ameketi, mkono wa kushoto ameuning'iniza, hata wakipigana aliuweka chini hivyohivyo, kiunoni, ngumi zilizomvunja Mokrane mbavu zilitokea huko, lakini mtu anayeogopea jicho hulifunika, mama yake Mokrane alipotolewa mtoto wa jicho alitembea wiki nzima na kiganja usoni, huyu ameliacha wazi, kwa nini aliache wazi... kwa sababu anajua halitapigwa, na aliambiwa na daktari likizo ya Ramadhani, miezi yote ile wakala sahani moja akanyamaza, akasema jioni ileile majina ya fainali yalipobandikwa, jioni ileile, si kabla, na jicho ni bovu kweli, hakudanganya, hapo ndipo panapouma, amelileta ulingoni kama ngao akampa Mokrane kazi ya kuishika, huku yeye anapiga kwa mikono miwili... fungua mdomo, akasema kapteni, akamsukumia kinga ya meno, Mokrane akaiuma, umeelewa nilichosema? piga wapi? na Mokrane akajibu kwa shida, macho yake hayakutoka ng'ambo, kushoto, afande, na Zoubir akamtabasamia vilevile anavyomtabasamia kila asubuhi wakitandika vitanda, naye akamrudishia tabasamu, damu kwenye meno, mkono wa kulia umetulia juu ya goti, kwa mara ya kwanza haumtishi, na kengele ilikuwa bado haijalia.