Jezi Namba Tatu

Alichota udongo kando ya bomba kwa vidole viwili, akaupaka kwenye jezi namba tatu. Akatazama mlangoni, akachota tena. Alikuwa ameifulia timu ile miaka kumi na minne, mpaka wachezaji wakasahau jina lake na kumwita Dada Povu, na leo ndiyo mara ya kwanza mikono yake kuchafua nguo kwa makusudi.

Jezi ile ilikuwa ya mdogo wake.

Jana mvua ilinyesha kipindi chote cha pili, na timu ikafungwa mabao manne. Jezi nyingine zilirudi zimejaa tope kiasi kwamba ungeweza kuzisimamisha zenyewe. Ya mdogo wake, beki wa kushoto aliyeitwa Kitasa tangu siku zile ambazo hakuna winga aliyethubutu kumpita, ilirudi na tone moja begani. Wanaoufuata mpira huanguka. Asiyeufikia hubaki msafi.

Na Kocha alikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla nguo hazijaguswa na maji, huzitandaza sakafuni nyuma ya chumba cha kubadilishia kama timu inavyojipanga uwanjani, kisha huzunguka akizisoma. "Mchezaji atakwambia amekimbia," husema. "Jezi haijui kubembeleza." Wiki nzima sasa alikuwa akiwaza kuacha mabeki wanne, acheze na watatu, apate mtu mmoja zaidi pale katikati. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni yupi angetoka.

Kocha alifika na kipa, ambaye tayari alikuwa anaongea.

"Nisikilize mimi, Mwalimu, ndimi ninayeokota mipira nyavuni. Mabeki wanne, mabao manne. Tukibaki na watatu tutafungwa matatu. Hayo si maendeleo?"

"Nenda kakusanye mipira ya mazoezi," Kocha akamwambia. "Kazi hiyo unaiweza, jana tumekuona wote."

Kipa alicheka peke yake, akaenda. Kocha akamgeukia mfuaji. "Habari za asubuhi, Dada?"

"Nzuri, Mwalimu."

Walizitandaza pamoja kama walivyozoea. Namba moja chini, karibu na ukuta. Mbili, nne, tano na tatu mbele yake, kwa mstari. Povu aliilaza ya mdogo wake haraka, akarudi kwenye beseni na kujifanya anatafuta sabuni iliyokuwa mbele ya macho yake.

Nyayo za Kocha zilisikika taratibu, zikapita kwa mabeki, zikasimama.

"Dada."

"Abee."

"Huyu aliangukia kwapa?"

Povu aligeuka, na kutoka pale aliposimama akakiona alichokifanya. Tope lilikuwa kwenye ukosi. Lilikuwa kwenye makwapa, pande zote mbili sawasawa. Lilikuwa kwenye pindo za mikono. Kifuani hakuna, mgongoni hakuna, ubavuni hakuna. Alikuwa ameipaka tope jezi vilevile anavyoipaka sabuni: kwanza ukosi, kisha makwapa, kisha mikono. Mikono yake haikujua njia nyingine ya kuishika nguo.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kocha hakucheka. Alichuchumaa, akapapasa ukosi kwa kidole gumba.

"Ni goti?"

Povu aliliacha beseni, akasogea. Kisha akasema, "La kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu mechi za mwanzo. Kila jioni namkanda kwa maji ya moto. Akija huku anatembea wima, akifika nyumbani anashika ukuta. Alinikataza kusema, Mwalimu. Mama alituacha yeye akiwa na miaka sita. Hajui kazi nyingine ya kujivunia. Juzi ameniuliza, 'Dada, nikitoka pale nisimame wapi?'"

"Nami nilikuwa najidanganya," Kocha alisema. "Nasema moyoni, mechi moja tu zaidi, huenda akaamka. Naona aibu kumwambia. Ndiyo maana nasubiri tope liniambie."

Aliiokota namba tatu, akaiweka pembeni. Pengo lilibaki kwenye mstari, kubwa, sementi tupu. Wote wawili walilitazama.

"Wewe unatufulia miaka yote hii," Kocha akasema. "Ungefanyaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema wanne, na Kocha, kwa moyo wake ule, labda angekubali, na Jumapili mdogo wake angeingia tena uwanjani akimkimbiza winga mwenye miaka kumi na tisa. Alifikiria sauti anayoitoa Kitasa anapoinuka kitandani akidhani dada yake hasikii.

Povu alipiga magoti. Akaivuta namba tano kushoto kidogo. Akaisogeza nne katikati. Akaiinua namba mbili, akaisogeza ndani, mpaka jezi tatu zikakaa zikiwa zimeachana kwa nafasi sawa na pengo likawa halionekani tena.

"Wanatosha," alisema, "kama watasaidiana." Kisha akajifuta macho kwa mkono wenye udongo.

Jioni alikuwa nyuma, akikamua nguo. Kutoka uwanjani zilisikika kelele za mazoezi: "Sogea! Nyuma tuko watatu, sogea!" Alikuwa ameshika trakisuti nzito iliyojaa maji aliposikia hatua. Hatua ndefu, hatua fupi. Hatua ndefu, hatua fupi. Kitasa alikuwa anakuja akichechemea, waziwazi, mbele ya watu wote.

"Kocha ameniambia," alisema.

"Ni mimi niliyemwambia."

"Najua." Alimtazama usoni. "Umejipaka tope hapa, na hapa."

"Umekasirika?"

"Sana."

Hakuondoka. Alisimama akitazama beseni, kisha maji yaliyokuwa yakimdondokea dada yake miguuni. Mwishowe akaegemea ukuta kwa bega ili apumzishe goti, akanyoosha mkono, akaishika ncha nyingine ya trakisuti.

Povu akazungusha kulia. Kitasa akazungusha kushoto, kwa nguvu, kwa hasira. Nguo ikajisokota kati yao, ikakaza kama kamba, na maji yakaanza kutoka, kwanza mengi, kisha matone. Hakuna aliyeachia.