Muvumu wa Illuminée

Siku ya nane baada ya mwana wa Illuminée kuzaliwa, watoto wa jirani walikuja na majembe yao pale kwake Nyakabanda. Wakalima kipande cha uani, wakanyunyiziwa maji kana kwamba mvua imewakuta shambani, wakakimbilia ndani kula maharage. Kisha, kama desturi inavyotaka, kila mmoja akampa mtoto jina. Umulisa, binti wa nyumba ya chini, alisema aitwe Musave, maana mti wa musave una maua ya manjano na yeye anapenda manjano. Watu wakacheka.

Majina ya watoto huishia kwenye maharage. Linalobaki ni la baba. Lakini Eustache, baba mtu, alikuwa amechukuliwa na askari Oktoba ile ya 1990, waasi walipovuka mpaka, pamoja na wengine walioitwa vibaraka wa adui, na hakuwa amerudi. Kiti chake kilikuwa wazi. Mutabazi, mkubwa wa mtaa, akakikalia bila kukaribishwa.

"Muvumu," akasema.

Huo ni mti wa kuzungushia nyumba, na mtu mwenye akili zake haukati. Jina lenyewe halikuwa baya. Illuminée alichukia. Ungemjibu nini mkubwa wa mtaa mwaka ule?

Mtoto akakua kama alivyoitwa. Akikwaruzika goti, hutoka utomvu mweupe. Akisimama mahali pamoja, visigino huota mizizi. Majirani walishauri avalishwe viatu; mizizi ikatoboa soli, hasara tupu. Basi kila jioni Illuminée alichemsha maji, akaimwagia yakiwa vuguvugu, akaing'oa polepole huku akimtania, "We mzee, ndo umehamia hapo?" Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Mama alitaka kitu kimoja tu: mwanawe abaki mtu, siku moja aende kwa miguu yake Kimisagara akajifunze useremala wa baba yake.

Aprili 1994 Mutabazi aliweka kizuizi barabarani. Kitambulisho cha Illuminée kilionyesha kabila lao, kwa hiyo yeye hawakumgusa. Lakini mtoto huhesabiwa kabila la baba, na vijana wa Mutabazi walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Illuminée alimsimamisha mwanawe uani, kando ya barabara, birika akaliacha jikoni.

"Mama, maji," mtoto akasema.

"Leo hapana, baba."

Akaingia ndani, akaziba masikio.

Asubuhi mti ulikuwa umepita paa. Vijana wakaja na mapanga.

"Mtoto iko wapi?"

"Ni huyo."

Wakautazama toka chini hadi juu. Mmoja akainua panga. Mutabazi akamshika mkono. "Muvumu hakuna kukata. Jina yake mimi ndiye nilimupa."

Kivuli kikawapendeza, wakahamishia kizuizi chini yake. Umulisa na mama yake waliletwa hapo siku iliyofuata. Umulisa alikuwa amevaa gauni la manjano. Mti ulitoka utomvu mchana kutwa, na vijana wakalalamika kwamba unanata mikononi. Illuminée aliyaona yote dirishani.

Julai vita vilipita. Wengi wa vijana wale walivuka kwenda Zaire, Mutabazi hakwenda. Alikuja jioni moja, akatoa kiti cha Eustache nje, akakaa kivulini.

"Mama Muvumu, watu watakuja kuuliza. Utawaambia mimi niliokoa mtoto. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli, na Illuminée alimchukia kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

"Ni kweli," akasema. "Na Umulisa?"

Mutabazi akaegemea kiti. "Huyo jina yake si mimi nilitoa."

Alipoaga, Illuminée alileta birika, akamwaga maji vuguvugu shinani, akavuta mzizi mmoja kwa vidole vyote.

"Imeisha, baba. Shuka."

Jani likamwangukia begani. Akangoja mpaka maji yakapoa, akaenda kuchemsha mengine. Kiti hakukiingiza ndani, maana Mutabazi alisema kesho atarudi.