Nyumba Iliyomfuata Ngendo

Ngendo alimaliza chai, akamuaga mumewe, akatoka kwenda kazini Thika. Nyumba yao ya mabati pale Kimbo ikang'oka, ikamfuata, kama ilivyozoea tangu waoane. Kinuthia, aliyekuwa ndani akishona sare za shule, alishikilia cherehani mpaka nyumba iliposimama karibu na steji ya matatu, nyuma tu ya mkewe.

Kahiga, mwangalizi wa ploti yao ya kupanga, akaja akihema. "Kinuthia, nyumba yako imekata paipu tena. Watu wataoga na nini?"

"Pole, mzee. Nitairudisha."

Ngendo akamgeukia mumewe. "Nakupenda, Kinuthia. Lakini hata nikienda kununua sukuma wiki, nikigeuka naona dirisha letu. Tafuta usaidizi, ama nirudi kwetu."

Kinuthia aliogopa sana. Akaenda Thika kwa mshauri nasaha aliyeitwa Hayat. Hayat alisema amewahi kuona hata ghorofa zikifanya hivyo. Akamwomba asimulie siku mama yake alipomwacha kwa nyanya yake akiwa mtoto, akamwambia "nakuja sasa hivi," asirudi. Kinuthia alisimulia, akakwama katikati. Wiki iliyofuata akasimulia tena, na tena, mpaka akaweza kuifikisha hadithi mwisho huku akijua yuko Thika, kitini, mtu mzima mwenye ndevu.

Bandu bandu huisha gogo. Nyumba ikaanza kuishia kwenye kioski cha mboga, kisha getini. Kahiga akanunua paipu mpya.

Jumamosi moja, Ngendo akiwa kazini, Kinuthia alienda Kalimoni kumuuliza mama yake kwa nini hakurudi.

"Si ulilelewa? Si ulisoma?" mama alisema, akiendelea kuchambua maharagwe. "Mambo ya zamani unayafukulia nini?"

Hakuomba msamaha siku hiyo, wala baadaye.

Jioni Ngendo alichelewa, na simu yake haikupatikana. Nyumba ikatikisika, ikainua pembe moja. Kinuthia akaweka kiganja ukutani. "Tulia," akaiambia. "Ana njia yake, na anajua kwake." Nyumba ikajishusha taratibu.

Ngendo aliikuta mahali pake. Mumewe alikuwa kitandani, machozi yakimtiririka.

"Ni mimi unanililia tena?"

"La. Wewe nilijua utakuja," Kinuthia akasema. "Leo namlilia mama."

Ngendo akavua viatu, akaketi karibu naye.